Yako Hivi Mwaka Mzima

Machi 2

Fremu yangu ya duka imepata mtu. Tangu muuza vipuri alipohama, mlango wake wa chuma ulikuwa umefungwa, nami kila nikitoka nyumbani naupita nikitazama upande mwingine, kama mtu aliyenuniana na jirani. Ni fremu moja tu, imeshikana na nyumba yetu, imetazama barabara. Niliijenga kwa kiinua mgongo changu chote. Ikikaa tupu, ni mimi nimekaa tupu.

Aliyekuja ni dobi, mwanamke wa makamo, mikono imechubuka hadi viwikoni, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Kafuatana na mdogo wake, binti mrefu asiye na maneno mengi, ambaye alikwenda moja kwa moja kugusagusa kuta. Sikumpenda. Dobi hakuhangaika na kuta. Alitaka maji. Alikokuwa, maji ya bomba yanakuja yakijisikia, ndiyo maana anatafuta mahali penye kisima.

"Baba, maji ya hapa yakoje? Mimi nafua nyeupe. Mashuka ya nyumba ya wageni, sare za wauguzi. Nyeupe haina msamaha."

Nikawasha pampu, nikajaza ndoo, nikaiweka juani. Maji yalikuwa safi hata mikwaruzo ya chini ya ndoo ilionekana.

"Na yako hivi siku zote?"

"Yako hivi mwaka mzima," nikasema.

Basi hapo ndipo nilipo. Mvua zikishanyesha wiki moja hivi, kisima chetu kinaleta kutu. Huioni kwenye ndoo. Utaiona ukishatia dawa ya kung'arisha: shuka linageuka rangi ya meno ya mvuta sigara, na ukizidisha dawa ndiyo unaliua kabisa. Sisi wenyewe, kila masika, nguo zetu nyeupe tunazipeleka kwa dada yangu, upande wa pili wa mji. Mke wangu anafunga furushi, mimi nabeba. Imekuwa mazoea kiasi kwamba hatuyasemi tena. Watu wengine msimu ukibadilika wanabadilisha mapazia. Sisi tunahamisha mashati.

Na nilikuwa mkaguzi wa mizani mimi. Mtaa mzima unaniita Mizani hadi leo. Nimewahi kumfungia duka mtu kwa jiwe la mizani alilolichonga chini kidogo tu. Aliponiomba msamaha nilimwambia ajionee haya.

Machi 3

Mkataba umetiwa saini, miaka mitatu. Kauandika mpwa wangu wakili, mtoto wa dada yangu huyo huyo, kwa bei ya ndugu, yaani chakula cha mchana. Akausoma kwa sauti mezani kwetu. Alipofika kwenye kifungu kinachosema mpangaji amelikagua eneo, ameridhika nalo lilivyo, na hakutegemea neno lolote la mwenye nyumba, yule mdogo mtu akanyanyua mkono kama yuko darasani.

"Mbona linasema hakutegemea neno lolote? Dada ametegemea neno la baba kuhusu maji."

"Ni lugha ya mikataba tu, dada yangu," mpwa akajibu akitabasamu. "Kila mkataba unayo."

Dobi akamkanyaga mdogo wake mguu chini ya meza. "Huyu ni mtu wa kuuliza uliza, msimjali. Nipeni kalamu."

Mpwa wangu kakulia kwenye nyumba ambayo furushi letu linafika kila masika. Alipokuwa anasoma kifungu hicho hakunitazama hata mara moja.

Machi 4

Mke wangu: "Umemwambia habari ya masika?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kabla."

Machi 7

Mashine zimeingia. Ukuta wa chumba cha kulala unatetemeka hadi picha ya harusi imekaa upande. Dobi anacheka na kila mtu, anamtania hadi mtu wa posta. Mdogo mtu anaanika mashuka uani bila kusema neno, anayavuta pembe hadi yanakaa kama yamepigwa rula.

Machi 12

Joto. Hakuna wingu. Nimejikuta nalishukuru jua kama nimelilipa.

Machi 15

Leo nilikusudia kumwambia. Nilijiandaa tangu asubuhi, nikanyoa na ndevu. Nilipofika mlangoni, Dobi akanitolea suruali yangu ya kijivu, ile niliyoisahau kwenye kamba, kaipiga pasi imekaa kama mpya.

"Ya bure, baba. Mwenye nyumba kama wewe wako wapi siku hizi? Nilikohama nilidanganywa hadi idadi ya milango."

Nikashukuru, nikarudi na suruali mkononi. Mke wangu aliniona nikiingia, akaona na ile suruali.

Machi 19

Mawingu mchana, yakaondoka.

Machi 21

Mvua.

Machi 22

Mvua.

Machi 24

Mvua tangu alfajiri, na mke wangu amefunga furushi. Kaliweka katikati ya sebule, mahali ambapo lazima uliruke. Nikalichukua. Kutoka uani kwetu hakuna njia isiyopita mbele ya fremu. Dobi alikuwa kibarazani anamwaga maji machafu.

"Baba, safari na mvua hii?"

"Nampelekea dada yangu vitu vyake."

"Ngoja nikuitie mtu akubebee."

"Ni vyepesi," nikasema, nikaondoka mbio na mashati yangu meupe kifuani. Nilihisi anaweza kuyaona kupitia kitambaa. Mtu mzima na mvi zangu, nakimbia matopeni kwa kumwogopa dobi.

Machi 28

Wameanza kufua upya mashuka waliyofua jana. Nimesikia mashine hadi jioni.

Machi 30

Mdogo mtu kaja mlangoni kwetu, mkononi kipande cha shuka.

"Shikamoo, baba. Naomba nikuulize jambo. Haya maji hayabadiliki mvua zikinyesha?"

Mke wangu alikuwa jikoni anakata vitunguu. Kisu kikanyamaza.

"Kwa nini unauliza?"

"Nimeyaacha kwenye ndoo tangu juzi. Chini kumetuama kitu, kama vumbi la tofali."

Nilikuwa na nafasi hapo. Mlango wazi, mtu mmoja, swali moja, hakuna wakili wala shahidi. Nikamwambia ndoo yao ni chafu. Nikamwambia waangalie sabuni wanayonunua, siku hizi watu wanachanganya unga usiojulikana. Nikaendelea na sabuni hadi mwenyewe nikaanza kuiamini.

Akanitazama. "Ahsante, baba," akasema, akaondoka akiwa amelikunja lile shuka kwapani lisilowe.

Kisu kikaanza tena, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Aprili 2

Sina hamu ya kuandika, lakini nikilala nalo halitanipa usingizi.

Asubuhi mvua ilikatika kidogo nikatoka kukaa kibarazani. Muuguzi mkuu wa zahanati alikuwa amefika kwa Dobi kuchukua sare, na nyuma yake wateja wawili, mmoja na suti, mwingine na mapazia. Sare zikatolewa. Zilikuwa na madoa ya kahawia mabegani na kwenye kola, kama mtu kamwagiwa chai akafutwa vibaya. Muuguzi hakupandisha sauti. Alisema tu, "Wagonjwa wakituona hivi watasemaje?"

Dobi akageuka. "Dawa umetia kiasi gani?"

"Kipimo kile kile cha siku zote," mdogo wake akasema. "Dada, nimekuambia. Ni maji."

"Maji, maji. Kila siku maji. Tangu mwanzo hukutaka tuhamie hapa. Ulianza na kuta, ukaja kwenye mkataba, sasa ni maji."

"Yaache kwenye ndoo uone mwenyewe."

"Baba kanihakikishia kwa mdomo wake kwamba yako hivi mwaka mzima. Sasa wewe na baba nani mwongo?" Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimekaa hatua chache tu, nimejifanya hamnazo, nachunguza kucha. "Baba, si ulisema?"

Wote wakanitazama. Muuguzi, mwenye suti, mwenye mapazia, na yule binti. Yeye alinitazama kwa namna ya mtu anayemngojea mwingine amalizie sentensi yake.

"Ndiyo," nikasema. "Nilisema."

Kweli tupu, hata ningeapishwa. Nilisema.

Dobi hakuhitaji zaidi. Akamwita mdogo wake mwongo na mzembe mbele ya watu wote, akasema amewavumilia wengi lakini hajapata kuhujumiwa na damu yake mwenyewe. Binti hakulia. Alivua aproni, akaikunja pembe kwa pembe kama anavyokunja kila kitu, akaiweka juu ya mashine, akaingia nyuma kuchukua mkoba wake. Alipopita mbele yangu aliinamisha kichwa kidogo, kama tunavyowapitia wazee. Angenitemea mate ningeona nafuu.

Muuguzi mkuu aliniambia, "Watoto wa siku hizi, Mizani." Nikamwitikia.

Nimekula chakula cha mchana. Ndicho kinachonitisha, kwamba nilikula na nikashiba.

Aprili 3

Mvua.

Aprili 5

Mke wangu kasema neno moja tu kwangu leo: "Sogea."

Aprili 9

Mwenye nyumba ya wageni kaja na gari kuchukua mashuka yake yote, masafi na machafu. Dobi alisimama kwenye mvua akimsaidia kupakia. Yeye mwenyewe anapakia kazi yake inayoondoka. Sasa anafua peke yake, anaanika peke yake, na mashuka machache yaliyobaki kwenye kamba yamekaa upande. Nilikuwa nadhani yule binti ni mvivu kwa sababu hapigi kelele. Kumbe ndiye aliyekuwa anabeba nusu ya kazi kimya kimya.

Nimesikia kutoka kwa mke wangu, aliyekuwa anaongea na ukuta ili nisikie, kwamba Dobi kampigia simu mama yao kumweleza jinsi mdogo wake alivyomharibia. Mama kamkalia binti kooni. Kaambiwa hata chumba anacholala ni cha huruma.

Aprili 14

Mke wangu kaniwekea chakula mezani, kisha akachukua sahani yake akaenda kula kwa Dobi. Nikala nikitazama kiti.

Nilimwambia aliporudi, "Kwa hiyo ndiyo umehama?"

"Nimekwenda kula na mtu ninayeweza kumtazama."

"Basi si umwambie wewe."

"Mimi?" Alicheka, lakini hakikuwa kicheko. "Uongo useme wewe, ukweli niseme mimi. Kazi tumegawana vizuri."

Aprili 17

Dobi kachukua shuka moja, sabuni ile ile na dawa ile ile, kaenda kulifua kwa rafiki yake mbali na hapa. Nimemwona akirudi nalo. Jeupe.

Aprili 18

Alikuja asubuhi. Nilipomwona dirishani nilitamani kutokea mlango wa nyuma, na ningetoka kama mke wangu asingekuwa amesimama hapo hapo na ufagio, hafagii kitu.

Nilijua amekuja kunivua nguo. Badala yake akakaa kwenye ukingo wa kiti, akayapapasa magoti yake, akaniambia kwa upole, "Baba, usifadhaike na nitakalokuambia. Maji ya kisima chako yanaharibika masika."

Nikautazama ufagio wa mke wangu.

"Najua hukujua. Wewe na mama mnafua nini, mashati mawili matatu? Mtu hawezi kuona. Sikulaumu hata kidogo. Ila kwangu hapa hapafai tena. Naomba tu tuvunje mkataba kwa amani, niondoe mashine zangu nikaanze kwingine kabla jina halijafa kabisa." Akavuta pumzi. "Nimemdhalilisha mdogo wangu bure. Nampigia, hapokei. Nimemwambia mama kwamba nilikosea, mama anasema namtetea kwa sababu ni mdogo wangu. Kashikilia la kwanza nililomwambia."

Hapo hata jiwe lingesema. Mimi nikasema, "Mambo ya mkataba ongea na wakili."

Nilisikia ufagio ukianguka.

Aprili 20

Nimekwenda ofisini kwa mpwa wangu. Nilipofungua mdomo tu akanyanyua mkono.

"Mjomba, usinieleze kitu. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Chochote. Lakini uliza kama mtu asiyejua."

Nikamuuliza kama Dobi anaweza kuondoka. Akasema mkataba unambana miaka mitatu, na kile kifungu kinasema hakutegemea neno langu. Kama mwenye nyumba alisema jambo akiamini ni kweli, kumbe si kweli, kifungu kinaweza kumkinga.

"Na kama alijua?"

"Nani?"

"Mtu. Mtu tu."

"Mtu akijua ukweli akasema kinyume ili mwenzake atie saini, huo ni udanganyifu. Hapo kifungu ni karatasi ya kufungia karanga. Mkataba unavunjwa, anarudisha alichopokea, analipa na hasara." Akaegemea kiti. "Kwa hiyo yote yanakaa kwenye neno moja, alijua au hakujua. Na kichwani mwa mtu haingii mtu, Mjomba."

"Mama yako je? Mashati yangu yako kwake sasa hivi."

Akafunga faili. "Mama hataitwa."

Kaniambia pia nisimwachie Dobi kwa hiari, maana nikimwachia nitakuwa kama nimekiri. Nikamruhusu aandike barua ya kumkatalia. Sikuisoma. Niliona kwamba nisipoisoma itakuwa imeandikwa na mtu mwingine.

Aprili 23

Barua imemfikia. Leo hakunisalimia, alinitazama tu kama anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

Aprili 26

Dada kapiga simu. "Furushi lenu liko tayari, njoo ulichukue. Na mwambie mwanangu aache kunipigia kunifundisha cha kusema. Nimemzaa mimi, hakunizaa yeye."

Sijaenda kulichukua. Nimevaa shati la bluu wiki nzima.

Mei 1

Dobi kafungua shauri kwenye baraza la upangaji. Karatasi inasema anaomba mkataba uvunjwe kwa sababu alipewa maelezo yasiyo ya kweli. Haisemi kwamba nilidanganya. Nimeisoma mara nyingi nikilitafuta neno hilo, na kila nisipoliona naona aibu zaidi.

Mei 4

Mvua. Fremu imefungwa tangu mchana. Hana nguo za kufua.

Mei 8

Mke wangu, tukiwa kitandani na migongo imetazamana: "Nikiitwa nitasema. Nimekupikia, nimekuzalia, nimekufungia furushi. Kuapa uongo sijakuahidi."

Nikasema sijamwomba.

"Hujaniomba kwa mdomo," akasema.

Mei 12

Chumba cha baraza kina viti vya plastiki na feni inayozunguka bila kuleta hewa. Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, kana kwamba anasoma kwa kichwa. Karani pembeni. Dobi kaja peke yake na mashuka mawili kwenye mfuko, moja la huku, moja la kule. Mimi nilikuja na mpwa wangu na tai yake.

Njiani alikuwa amenifundisha jibu. "Sikuwa na habari, mheshimiwa." Basi. Nisiongeze, nisipunguze, nisikohoe.

Dobi akaanza. Akayatandaza mashuka, akaeleza. Mpwa wangu akasimama, akasoma kifungu chake kwa sauti nzuri, akamuuliza kama saini ile ni yake. Akasema ni yake. Akamuuliza kama ana ushahidi wowote kwamba mwenye nyumba alijua.

"Sina," Dobi akasema. "Na sisemi alijua. Mzee huyu ni mkaguzi wa mizani, mtaa mzima unamjua, hawezi kumpunja mtu hata gramu. Alikosea kama mtu yeyote. Mimi ningetamani hata tusifike hapa, ni barua ya wakili iliyonileta. Naomba tu niachiliwe."

Mwenyekiti akashusha miwani. "Mzee, unamsikia mpangaji wako. Ulijua hali ya maji haya wakati wa masika?"

Nikasimama. Jibu lilikuwa ulimini, nilikuwa nimelirudia tangu asubuhi mpaka limeota mizizi. Nikamtazama Dobi, sijui kwa nini, ningeweza kuitazama feni. Naye akanitikisia kichwa. Alikuwa ananitia moyo. Aliona mzee amekwama mbele ya baraza, akaniashiria kwamba niseme tu, hakuna ubaya, wote tunajua hukujua.

"Nilijua," nikasema.

Mpwa wangu akaweka kalamu chini.

"Rudia, karani aandike."

"Nilijua. Siku ile ile namwambia, nilikuwa najua."

Mwenyekiti akaniuliza nilijuaje, nikaeleza habari ya furushi. Kwamba kila masika nguo zetu nyeupe zinavuka mji. Kwamba mwaka huu nilipita nazo mbele yake, akataka kuniitia mtu wa kunibebea. Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Nilikuwa nazungumza na karani, ndiye pekee aliyekuwa hanitazami, anaandika tu.

Uamuzi haukuchukua muda. Mkataba umevunjwa tangu mwanzo wake. Narudisha kodi yote, nalipia nguo zilizoharibika na gharama za kuhama. Kuhusu kifungu, mwenyekiti alisema mtu hawezi kudanganya kwa mdomo kisha akajificha nyuma ya karatasi. Alisema bila kunifokea. Niliwahi kusema maneno ya namna hiyo mwenyewe, nikiwa na kofia ya serikali.

Nje, mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, ungenikanyaga mguu basi," akaenda zake.

Dobi alikuwa kwenye ngazi anakunja mashuka. Nilisimama mbele yake nikitafuta pa kuanzia.

"Siku ile nilikuuliza mbele ya watu," akasema. Hakunitazama, alikuwa anatafuta pembe za shuka. "Mdogo wangu amesimama pale, nikakuuliza, si ulisema."

"Ndiyo."

"Ningekuuliza vingine ungesemaje?"

Nilimwambia sijui. Ni kweli, sijui.

"Pesa utampa karani, sitaki kuzipokea kutoka mkononi mwako. Lakini kuna deni ambalo karani hawezi kulipokea. Mdogo wangu hapokei simu yangu, na mama hanisikilizi. Wewe ni mzee, watakufungulia mlango. Nenda ukawaambie."

"Nikawaambie nini?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Baba," akasema, "hata hilo nikuandikie?"

Mei 13

Mke wangu alinitolea shati jeupe. Kumbe alikwenda mwenyewe kwa dada kulichukua furushi. Nikamwambia sitavaa hilo. Akasema, "Utavaa hilo," akanifunga vifungo kama naenda kuoa.

Kwa mama yao ni nyumba ya vyumba vingi vilivyotazama ua mmoja, kila chumba na familia yake, kila mlango na ndala zake. Manyunyu yalikuwa yanaendelea. Mdogo mtu alikuwa kwenye kizingiti cha chumba cha mwisho anapepeta mchele. Aliponiona akanyanyuka, akaweka ungo chini.

"Shikamoo, baba."

Nikamwambia nimekuja kusema jambo. Nikaanza vizuri. Nikaeleza kwamba fremu ilikuwa imekaa tupu muda mrefu, kwamba kulikuwa na wakili, kwamba nilikusudia kumwambia dada yake tangu mwezi wa tatu na hata nilinyoa, kwamba kuhusu ile ndoo nilikuwa…

"Baba," akanikatiza, kwa adabu. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ngoja basi." Akageukia ndani. "Mama. Njoo usikie."

Mama yao akatoka taratibu akishika ukuta. Ni mtu mzima kunipita, macho makali, kanga begani. Akaketi kwenye kigoda na kunitazama kuanzia viatu. Nikainama kidogo, nikasema, "Mama, nimekuja kwa sababu ya yale maji. Ukweli ni kwamba…"

"Anasemaje?" akamuuliza binti yake.

"Hasikii vizuri," binti akaniambia. "Sema kwa nguvu."

Nikapandisha sauti. Mama akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa.

"Kwa nguvu zaidi, baba."

Mlango mmoja ukafunguka, akatoka mwanamke na mwiko mkononi. Kisha mwingine. Mtu aliyekuwa anapiga mswaki kwenye bomba akaacha mswaki mdomoni. Nikaona kwamba kwa sauti hiyo siwezi kubeba fremu, wala wakili, wala mwezi wa tatu. Maneno marefu hayapigiwi kelele.

"Nilijua maji ni mabaya," nikapaza sauti, ua mzima ukasikia. "Nikadanganya. Binti yako alisema kweli, nikamwacha aitwe mwongo. Mimi ndiye mwongo."

Mama akashusha mkono sikioni. Akamtazama binti yake kwa muda, akanirudia mimi.

"Kwa hiyo mwanangu hakufanya."

"Hakufanya, mama."

"Sema tena," akasema, na sasa hakuweka mkono sikioni.